Virusi vya kuvu vinapimwa kwa mizani isiyo yao

Madonda mawili kwenye shina moja la mkastanea (mti unaoitwa chestnut kwa Kiingereza) yanaweza kuletwa na kuvu ileile, Cryphonectria parasitica, na bado yasifanane hata kidogo. La kwanza limebonyea, gome limepasuka kwa urefu, na mipasuko imejaa vipele vya rangi ya chungwa vinavyotema spora mvua inaponyesha. Ukichubua kwa kisu unakuta tando za kuvu, rangi ya krimu, zimejitandaza kama pepeo kati ya gome na mti. Chini ya donda mti umeanza kutoa machipukizi kwa pupa, dalili kwamba sehemu ya juu inakauka. Donda la pili limevimba badala ya kubonyea. Gome lake ni jeusi na limekakamaa, na kisu kikiingia milimita chache tu kinakutana na tishu mbichi, hai. Kuvu ipo hapo pia, haijafa, ila imebaki juujuu kama mgeni aliyeishia barazani. Kinachotenganisha madonda haya ni kirusi kilichomo ndani ya kuvu ya donda la pili.

Kirusi hicho huitwa Cryphonectria hypovirus 1, kwa kifupi CHV1, na kwa zaidi ya nusu karne kimewagawa wanaoshughulika na magonjwa ya miti. Wapo wanaosema virusi vya kuvu ni tiba ambayo msitu wenyewe umejipatia, na kazi yetu ni kuisukuma kidogo tu. Wapo wanaosema ni ndoto nzuri ya maabara iliyokwisha kujaribiwa ikashindwa, na fedha ziende kwenye kuzalisha miti sugu.

Historia yenyewe inajulikana, kwa hiyo tuipitie upesi. Kuvu ilionekana New York mwaka 1904, na katika nusu karne ikawa imemaliza mabilioni ya mikastanea ya Marekani, Castanea dentata. Mwaka 1938 ikaonekana karibu na Genoa, Italia, na kila mtu akaitabiria mikastanea ya Ulaya mwisho uleule. Haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Antonio Biraghi aliona machipukizi yaliyougua yakipona bila kutibiwa. Katikati ya miaka ya 1960 Mfaransa Jean Grente akatoa kwenye madonda ya namna hiyo kuvu nyeupe, isiyo na rangi ya chungwa, na akaona kwamba kuvu kali ikiguswa na hiyo nyeupe nayo inageuka na kuwa pole. Mwaka 1992 Gil Choi na Donald Nuss walinakili jenomu ya kirusi, wakaitia kwenye kuvu kali iliyo safi, na kuvu ikalegea. Hapo ubishi kuhusu chanzo ukaisha. Ulaya bado ina mikastanea. Katika misitu ya asili ya Marekani kilichobaki zaidi ni mashina ya zamani yanayochipua, yanaugua, yanakufa hadi ardhini, kisha yanachipua tena.

Wenye shaka wanaanzia kwenye tofauti hiyo, na hoja zao si nyepesi. CHV1 hakina ganda la protini. Ni RNA yenye herufi zipatazo 12,700 inayoishi ndani ya vifuko vya utando kwenye seli za kuvu, na haiwezi kutoka nje kwenda kujitafutia mwenyeji mwingine. Huwezi kuiweka kwenye bomba ukanyunyizia shamba. Ina njia mbili tu: kupita kutoka uzi hadi uzi pale nyuzi za kuvu mbili zinapoungana, au kubebwa ndani ya konidia, zile spora zisizotokana na kujamiiana. Askospora, ambazo zinatokana na kujamiiana na ndizo zinazorushwa na upepo mbali, huzaliwa bila kirusi. Kila kuvu inapojamiiana, basi, inatoa kizazi kilichooshwa.

Na hiyo njia ya nyuzi ina mlango wenye kufuli sita. Kuna maeneo sita ya jeni, yanaitwa vic, kila moja likiwa na maumbo mawili, kwa hiyo makundi 64 yanawezekana. Kuvu za kundi moja zikikutana, nyuzi zinaungana kama matone mawili ya maji kwenye kioo. Za makundi tofauti zikikutana, seli za mpakani hujiua, na mara nyingi kirusi kinafia hapohapo. Historia ya Ophiostoma novo-ulmi, kuvu iliyoangamiza miti ya mielmu (elm kwa Kiingereza), inatoa onyo. Wimbi la kwanza la ugonjwa lilikuwa na kuvu za kundi karibu moja na virusi vilijaa humo. Ndani ya miaka michache makundi yakawa mengi, virusi vikapungua. Kuvu ilijifungia mlango yenyewe.

Halafu kuna West Salem, Wisconsin. Huko kulikuwa na msitu mkubwa wa mikastanea ya Marekani nje ya eneo lake la asili, na ugonjwa ukagunduliwa mwaka 1987. Kuanzia 1992 kuvu zenye kirusi zikapandikizwa, na hali ilikuwa nzuri kuliko ambavyo mtu angeomba, kwa kuwa kuvu ya hapo mwanzoni ilikuwa ya kundi moja. Kirusi kilishika, kikahamia hata kwenye madonda ambayo hayakuguswa na mtu. Lakini kilitembea, na ugonjwa ulikuwa unakimbia. Mwenye shaka anauliza: kama hapo hakikutosha, kitatosha wapi?

Swali hilo ni zito, ila limebeba dhana ambayo haijachunguzwa. Linachukulia kwamba kirusi ni kiuakuvu, yaani dawa ya kuua kuvu, ambacho bahati mbaya kinatembea polepole. Kiuakuvu unakipima kwa kile kinachokufa siku ile ulipokipaka. Kirusi cha kuvu unatakiwa ukipime kama mkazi: kinazaa wangapi, watoto wake wanaishi wapi, na mwenye nyumba anaendelea kuishi au la. Hapa ndipo sehemu kubwa ya mabishano inapopotea njia, na inastahili tukae nayo.

CHV1 kina koo zinazotofautiana ukali. Ukoo wa Kifaransa, unaowakilishwa maabara na EP713, unaidhoofisha kuvu vibaya sana: donda linabaki dogo na konidia karibu hazipo. Ukoo wa Kiitalia, mfano wake Euro7, ni mpole zaidi kwa kuvu. Donda linakua kwa kiasi, haliui shina, na kwenye kingo zake vipele vinaendelea kutoa konidia. Mtu akiwekewa sahani hizo mbili mezani atachagua EP713 bila kusita, maana ndicho kinachoikomesha kuvu. Na kwa muda mrefu huo ndio ulikuwa uchaguzi wa kawaida: kali zaidi ndiyo dawa zaidi.

Tufanye hesabu ya mfano tu, isiyotoka shamba lolote. Donda lenye kirusi kikali linatoa konidia 100 na zote zimebeba kirusi. Donda lenye kirusi pole linatoa 10,000, na nusu yake tu ndizo zilizobeba. Lile kali, pamoja na kurithisha kwa asilimia mia, limetuma wajumbe 100 msituni. Lile pole limetuma 5,000. Ongeza kwamba donda pole ni kubwa, kwa hiyo konidia ngeni zenye kirusi zikidondoka zina eneo pana la kutua, na kwamba linaishi miaka mingi huku gome likiendelea kuota chini yake. Kirusi kinachomlemaza mwenyeji wake kimekata tawi kilichokalia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Upande wa kuvu hilo ni kweli tupu, ila mlaji huyu akila kwa pupa naye anabaki bila nguo.

Msitu umetoa ushahidi wake. Kusini-mashariki mwa Ufaransa kirusi cha ukoo wa Kifaransa kiliachiliwa kwa makusudi kutibu mikastanea. Watafiti waliporudi baadaye na kulinganisha, matokeo yao yakachapishwa mwaka 2010: virusi vilivyokuwapo kiasili, vya ukoo wa Kiitalia, ndivyo vilivyotawala, na sababu ilihusiana na sifa hizohizo za kuishi na kuzaana. Sehemu kubwa ya Ulaya yenye CHV1 leo imeshikwa na ukoo huo mpole. Ukiwa na mizani ya kiuakuvu utaandika kwamba kirusi kilichoachiliwa kilishindwa. Ukiwa na mizani ya ukazi utaandika kwamba kirusi dhaifu kilimshinda kirusi kikali, nacho kinashikilia msitu bila mtu kukibeba kwa mkono.

Hata hoja ya kufuli sita, iliyo na nguvu kuliko zote, haifungi mjadala. Kufuli hazilingani: tofauti kwenye eneo moja huzuia karibu kabisa, kwenye jingine inapunguza kidogo tu, na vic4 haizuii kirusi kwa namna ya kuhesabika. Mara nyingine kinapita upande mmoja na kugoma upande wa pili. Ticino, kusini mwa Uswisi, ina makundi mengi na kuvu inajamiiana, na bado kirusi kimeenea kwenye madonda. Wingi wa makundi unapunguza kasi. Haujathibitika kuwa ni hukumu. Nadhani tofauti ya Marekani inaelezwa vizuri zaidi na mti wenyewe. Castanea dentata unazidiwa upesi mno kiasi kwamba shina linazungushwa na donda kabla kirusi hakijafika, ilhali Castanea sativa ya Ulaya inahimili kidogo zaidi, na kidogo hicho ndicho kinachompa kirusi muda. Na Marekani si shimo tupu: magharibi mwa Michigan, tangu miaka ya 1970, vimepatikana vichaka vya mikastanea vinavyopona kwa kirusi cha huko huko, CHV3, bila mtu kuvitibu.

Sehemu nyingine ya sifa mbaya inatokana na kazi iliyofanywa vibaya. Kutibu donda si kupaka kitu cheupe ukaondoka. Kwanza unachukua vipande vya gome kwenye kingo hai za madonda mengi ya eneo lile, unavisafisha juu kwa spiriti, unaviweka kwenye agari ya viazi (rojo la kuoteshea kuvu), nyuzi 25 za Selsiasi, kwa wiki hivi. Koloni ya chungwa haina kirusi, nyeupe huenda inacho. Hapa wengi hudanganyika, kwa sababu rangi ya chungwa inahitaji mwanga: ukivifungia visahani kabatini, hata kuvu safi inabaki imepauka na utaihesabu kuwa ina kirusi. Baada ya hapo unazipanga jozi kwenye agari iliyotiwa rangi ya bromokresoli kijani, vipande viwili umbali wa milimita chache, ili mpaka wa kutopatana uonekane kama mstari. Bila hatua hii hujui kundi gani limetawala, na unaweza ukatibu shamba zima kwa kuvu ambayo mlango umefungwa usoni pake.

Ukishajua kundi, unaweka kuvu yenye kirusi kando ya kuvu safi ya kwenu hapohapo. Ukingo wa ile safi ukianza kugeuka mweupe, unakata kipande upande wa mbali kabisa na mfadhili, yaani ile kuvu iliyotoa kirusi, na kukiotesha upya. Hiyo ndiyo dawa: kuvu ya eneo lile, yenye kirusi. Inasagwa pamoja na agari yake na maji kidogo hadi iwe uji mzito. Kuzunguka donda unatoboa matundu ya milimita 5 hadi 10, yakiachana sentimita 2 hivi, hadi kugusa mti, unayajaza, unafunika kwa utepe yasikauke.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kutoboa katikati ya donda, pale panapoonekana pabaya. Katikati gome limeshakufa na nyuzi hazikui tena. Kirusi kinahitaji nyuzi changa zinazosonga mbele, nazo ziko ukingoni, hata nje kidogo ya ukingo unaouona kwa macho. Kosa la pili ni kuchelewa: donda lililokwisha kuzunguka zaidi ya nusu ya shina, hata likigeuzwa lote kuwa pole, mti umeshapoteza njia za chakula. La tatu ni la maabara, kuotesha dawa kutoka kisahani hadi kisahani kwa miaka mpaka kuvu inaachia kirusi kimyakimya. La nne linauma zaidi maana linafanywa kwa nia njema. Wafanyakazi wanapita kusafisha msitu, wanakata kila shina lenye donda, na yale yaliyovimba yakiwa na gome jeusi, yaani vitalu vya kirusi, yanaondolewa kwa uadilifu uleule kama yale ya chungwa.

Wanaotaka kuvunja kufuli badala ya kuzunguka nao wamepiga hatua. Mwaka 2016 Zhang na Nuss walieleza kuvu mbili zilizozimwa jeni kwenye maeneo manne kati ya sita ya vic. Zikitumiwa pamoja zinakipitisha kirusi kwa kuvu za makundi ambayo kwa kawaida yangekikataa. Kabla ya hapo, miaka ya 1990, jimboni Connecticut zilishaachiliwa kuvu zenye nakala ya kirusi ndani ya kromosomu zake, na askospora zikakirithi. Kwa hiyo vizuizi viwili vikubwa vya wenye shaka vina ufunguo. Funguo zote mbili ni za uhandisi jeni, na hapo mjadala unaingia kwenye sheria na ridhaa ya watu, mambo ambayo darubini haiamui.

Kuna hofu moja ya upande wa pili ambayo watetezi huipita haraka mno. Ukuta kati ya virusi vya kuvu na virusi vya mimea ni mfupi kuliko tulivyofundishwa. Mwaka 2017 kirusi cha mozaiki ya tango, kirusi cha mimea, kiliripotiwa kukutwa ndani ya Rhizoctonia solani iliyotoka kwenye viazi, na maabara ikaonyesha kuvu inaweza kukirudisha kwenye mmea. Mwaka 2020 ikaonyeshwa kwamba CHV1 chenyewe, kikisaidiwa na kirusi cha mozaiki ya tumbaku, kinaweza kuenea ndani ya mmea. Hayo ni mazingira ya maabara, na mikastanea ya Ulaya imeishi na CHV1 kwa miongo bila dalili za namna hiyo. Lakini mtu anayesema "haiwezekani" anasema zaidi ya anachokijua. Wapo pia virusi vinavyoongeza ukali wa kuvu. Kila kirusi kipya kijaribiwe kwenye mti, kwa msimu mzima na zaidi, kabla hakijapewa jina la dawa.

Kinachonivuta zaidi upande wa watetezi kiko nje ya mkastanea. Katika udongo wa moto wa hifadhi ya Yellowstone, Marekani, huota nyasi, Dichanthelium lanuginosum, zenye kuvu ndani yake, Curvularia protuberata. Zikiwa pamoja zinastahimili udongo wa nyuzi 65 za Selsiasi. Zikitengana, hakuna inayovuka nyuzi 40. Utafiti wa 2007 ulikuta kwamba kuvu iliyoondolewa kirusi chake haiwapi tena nyasi ustahimilivu huo. Kirusi kikirudishwa, nao unarudi. Upande wa mazao, Sclerotinia sclerotiorum, kuvu inayoozesha mashina ya kanola, ina kirusi kidogo cha DNA, SsHADV-1, kilichoelezwa China mwaka 2010. Hiki ni cha ajabu kwa kuwa chembe zake zinaweza kuingia kwenye kuvu kutoka nje. Mwaka 2020 timu hiyohiyo ikaonyesha kwamba kuvu yenye kirusi hicho inaishi ndani ya kanola bila kuiozesha, na mmea unanufaika. Muuaji amegeuzwa mpangaji.

Ukiyaweka pamoja, neno "kudhoofisha" halitoshi tena. Virusi hivi vinabadilisha jinsi kuvu inavyoishi na mmea, na kiuakuvu hakina safu ya kuandikia matokeo ya aina hiyo. Ripoti nyingi za majaribio huishia kwenye asilimia ya madonda yaliyotibiwa na kupona katika mwaka wa kwanza au wa pili. Takwimu hiyo inapima mkono wa aliyetoboa matundu. Anayetaka kujua kama kirusi kimehamia arudi baada ya miaka 5 na tena baada ya 10, ayaache madonda yaliyotiwa alama ya rangi yalipotibiwa, achague yale ambayo hakuna aliyeyagusa, kwenye miti ambayo haikuwa hata na donda siku ya matibabu, na achukue vipande vya gome ukingoni. Visahani viwekwe kwenye mwanga, koloni nyeupe zihesabiwe, kisha RNA ithibitishe.